Mzinga wa Tano Bado Haujaandikwa

Jikoni, shule ya bweni,
Njombe.
Jumapili mchana.

Kwa Mama, na kwa mdogo wangu Deus anayekusomea,

Shikamoo Mama. Najua barua hii imefika kwako kabla ya mtu mwingine, maana nimemsihi kondakta asimkabidhi yeyote ila mama wa Makanyagio atakayekuja kuulizia kiroba cha viazi cha Skola. Sweta iliyo juu ya viazi ni yako. Nimeifuma mwenyewe, mikono imekuwa mirefu, utaikunja. Najua Mpanda si mahali pa sweta, lakini mwezi wa sita ukiwahi misa ya kwanza utaivaa na utanikumbuka. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado ipo, au umeshampa jirani?

Deus, na wewe nakusalimu. Natumaini u mzima, na wifi yangu na watoto pia. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa mkono wa kushoto uliungua na uji wiki mbili zilizopita. Sasa umekauka.

Wewe ndiye unayesoma maneno haya kwa sauti, kwa sababu macho ya Mama hayaoni tena maandishi, na wifi saa hizi yuko gengeni kwake. Nimepanga iwe hivyo. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: usiruke. Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa namsomea Bibi barua za Shangazi, na kila palipotajwa utundu wangu nilipita kimya kimya. Bibi alijua kila mara. Alisema macho yangu yalikuwa yanashuka mistari mitatu huku mdomo umefungwa. Kwa hiyo Mama, ukimwona Deus amenyamaza katikati ya maneno, mguse goti, mwambie, "Rudi ulipoachia."

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu njia nyingine zote, Deus, umezifunga. Nikikutumia ujumbe, naona umeusoma, halafu kimya. Nikipiga unaniambia, "Dada, nina wateja, nitakupigia." Hujanipigia tangu Pasaka. Karatasi ikishafunguliwa mbele ya Mama, utaisoma hata kama duka limejaa.

Nimekasirika, Deus. Wewe unajua mimi sijui kugomba. Nguruwe wa jirani alipoingia kwenye mihogo yetu nilimwambia, "Toka tafadhali," mkanicheka wiki nzima, Baba naye akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini leo nimekasirika na nimejipa ruhusa.

Mama, nikueleze kwanza ili usiachwe nyuma. Deus ana blogu. Ni kama daftari lililobandikwa kwenye ukuta wa mtandaoni, mtu yeyote mwenye simu anaweza kulisoma, hata akiwa huku kwenye baridi. Daftari hilo linaitwa Mizinga ya Baba. Ndilo unalolisikia likitajwa hapo nyumbani.

Mimi nalisoma kila Jumapili. Wasichana wakishakula, mimi na Mama Upendo, mwenzangu wa jikoni, tunasugua masufuria. Kuni za huku ni mbichi, zinatoa moshi kuliko moto, na nguo zangu zote zinanuka moshi kama shati la Baba aliporudi kutoka porini. Nikimaliza nanunua bando la siku moja, napanda mpaka kwenye tangi la maji nyuma ya stoo, maana hapo ndipo mtandao unapokamata vizuri, nakaa juu ya jiwe na kufungua blogu yako. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya mwaka. Jiwe lenyewe limelainika.

Mwanzoni Mama Upendo alikuwa ananitania kwa salamu ya kwao.

"Kamwene Skola! Umejipaka mafuta, unakwenda kwa bwana?"

"Nakwenda kwa baba yangu."

"Haya, msalimie."

Nikishuka ananiuliza, "Mzee leo kasemaje?"

"Yale yale ya Jumapili iliyopita."

"Na ile ya nyuma?"

"Yale yale."

"Basi huyo mzee ana msimamo. Siyo kama hawa wa kwetu."

Siku hizi haulizi tena. Akiniona nashuka ananimiminia chai tu. Deus, mtu asiyekujua, asiyewahi kufika Mpanda, anakuonea aibu.

Nikukumbushe ilivyoanza, na Mama atanisahihisha nikikosea. Ilikuwa likizo ya Desemba ya mwaka juzi. Miguu ya Baba ilikuwa imevimba, hawezi tena kwenda Inyonga kwenye kambi ya warina asali, na alikuwa anahuzunika kwa ajili ya mizinga yake kama mtu aliyeacha watoto njiani. Baba Mdogo alisema yuko tayari kuiangalia, lakini anaijua ile ya njia ya kambini tu, mingine Baba aliitundika peke yake mbali na watu. Ndipo wewe ukatoa simu yako mpya, ukasema, "Baba, wewe kaa hapo, sema mzinga mmoja mmoja, uko mti gani, upande gani, uliutundika lini na kwa nini. Mimi nitakurekodi. Kisha nitaandika mtandaoni, haitapotea tena." Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage. Nilikuangalia nikajivunia. Nilisema moyoni, huyu ndiye aliyekuwa akilia akiona nyuki mmoja, leo ameibeba mizinga yote.

Baba alisema kwa mpangilio wa kuitundika. Siku ya kwanza alisema minne, akachoka. Nilimsikia kwa masikio yangu akikuambia, "Unaofuata ni wa Skola. Huo nitausema kesho, nikiwa na pumzi. Huo una maneno yake."

Kesho yake alfajiri mimi nilikuwa kwenye basi, maana shule ilitaka wapishi warudi mapema. Nikiwa njiani ulinipigia. Ulikuwa na furaha. Ulisema, "Dada, Baba ameusema wako! Kaongea karibu saa nzima, mpaka kalia kidogo. Sikuambii kitu, utausoma kwenye blogu. Usiwe na haraka."

Sikuwa na haraka. Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri hapa mbele ya Mama.

Uliandika wa kwanza Jumapili ile ile. "Karibuni wapenzi wasomaji, kila Jumapili hapa mtasoma habari za mizinga ya baba yangu. Msikose!" Sikukosa. Uliandika ule aliorithi kwa Babu. Jumapili iliyofuata uliandika wa pili, ule ambao nyegere aliupasua mara tatu na Baba akaushona mara tatu. Nikacheka peke yangu juu ya jiwe. Wa tatu ulichelewa wiki mbili. Huo ni ule alioutundika mwaka aliokuoa, Mama, na asali yake ya kwanza ikapelekwa kwa babu mzaa mama. Maneno uliandika vizuri, Deus, siwezi kukudhulumu. Lakini picha! Ulitafuta huko mtandaoni picha ya mzungu aliyevaa suti nyeupe na wavu usoni, amesimama na sanduku la bluu, ukaibandika juu ya maneno ya baba yetu. Baba hakuwahi kuvaa suti nyeupe. Baba alikuwa anapanda na kaptula na kienge cha majani yanayofuka moshi mdomoni, akirudi nilikuwa nachomoa miiba ya nyuki shingoni mwake kwa kucha, naihesabu, yeye ananiambia nisimwambie Mama idadi.

Wa nne ulikuja baada ya mwezi. Ule wa tembo. Mwishoni uliandika hivi, nayajua kwa moyo: "Jumapili ijayo: mzinga alioutundika alipozaliwa dada yangu Skola. Huu una maneno yake. Msikose!"

Jumapili ijayo haijafika, Deus.

Mimi nilingoja. Katikati ya kungoja nilikuwa naongea na Baba kwa simu, karibu kila wiki. Tuliongea habari za miguu, dawa, mvua, ng'ombe wa wafugaji waliopita kwenye shamba. Siku moja yeye mwenyewe aliniuliza.

"Skola, umeshausoma wako?"

"Bado Baba, Deus hajaandika."

"Basi mngoje. Maneno yote ameshayachukua, hakubaki kitu kwangu. Nikianza kusema kwenye simu, vocha yako itaisha kabla sijafika hata chini ya mti."

Nikacheka. Nikamwambia, "Sawa Baba, nitausoma."

Unaelewa nilichofanya? Mwenyewe alikuwa yuko pale. Alikuwa na pumzi ya kusema, mimi nina masikio ya kusikia, nikakubali asiseme kwa sababu kuna mahali nitasoma. Na yeye aliniambia ningoje kwa sababu alikuamini. Watu wawili tulinyamaza kwa ajili ya blogu yako. Baada ya hapo alisema mara nyingi kwamba amechoka, na Kwaresima tukamzika.

Siku ya tatu ya matanga nilikuuliza, "Ule wa tano?" Ukasema, "Dada, tutaongea." Sikukulaumu. Mtu hawezi kuandika kaburi likiwa bichi. Nilikupa mwezi. Nikakupa miwili. Chini ya mzinga wa nne nilianza kuacha maneno pale pa wasomaji: "Deus tunangoja. Ni mimi dada yako." Sasa hivi pale chini kuna maoni tisa. Manane ni yangu. La tisa ni la mganga anayerudisha wapenzi waliopotea. Mama Upendo alipoliona alisema, "Mwandikie huyo, amrudishe Deus."

Halafu Septemba nikafungua nikakuta kitu kipya. Nikaishika simu kwa mikono miwili. Nayaandika hapa ili Mama naye ayasikie kwa mdomo wako:

"Habari zenu wapenzi wasomaji! Samahanini kwa ukimya mrefu, ni majukumu tu. Sasa nimerudi rasmi na moto ni ule ule. Kaeni mkao wa kula!"

Basi. Hakuna kingine. Ulirudi rasmi, ukaondoka siku ile ile.

Mimi huo mkao nimeukaa, Deus. Nimekaa Septemba, Oktoba, mvua imeanza, mvua imekwisha, nimekaa na koti, nimekaa na mwavuli. Umerudi kutoka wapi? Na rasmi ni nini? Na hao wapenzi wasomaji ni akina nani? Ni mimi. Ni mimi na yule mganga. Kama ungeniandikia mimi peke yangu, "Dada, siwezi," ningelia na ningekaa kimya. Lakini kuniambia nikae mkao wa kula na sahani huna, hiyo ni dharau, hata kama hukukusudia.

Na usinieleze majukumu. Una steshenari. Vidole vyako viko juu ya kompyuta tangu asubuhi mpaka jioni. Unawaandikia watu barua za kuomba kazi, unawajazia wanafunzi maombi ya vyuo, unachapa mialiko ya kipaimara ya watoto wa watu usiowajua. Mtu akija na karatasi yake iliyokunjwa, hata mwandiko wake ukiwa kama njia ya kuku, unamtolea safi kabla hajamaliza soda. Baba yako peke yake ndiye aliyepanga foleni dukani kwako zamu yake haijafika. Kama kazi ya blogu ilikuwa nzito kwako, ungeiacha kabla ya kuianza, sisi tungejua kwamba hakuna pa kusoma, na mimi ningemuuliza Baba mwenyewe kwa mdomo. Wanaoanza wakaacha ni wabaya kuliko wasioanza kabisa. Wasioanza hawamfungi mtu juu ya jiwe.

Sasa nafika kwenye sababu ya kuandika leo. Juzi wifi alinipigia kunijulia hali ya mkono. Katika maongezi akasema, "Deus simu yake imepasuka kioo, kuna kijana mjini anamwambia aongeze kidogo ampe nyingine, ile aichukue yeye." Nikamuuliza, "Ile ile aliyomrekodia Baba?" Akasema, "Ile ile." Nikamuuliza, "Sauti ameshazitoa?" Akasema, "Wifi, hapo sijui." Usimkasirikie mkeo. Alikuwa anapiga hadithi tu. Mimi ndiye niliyekaa chini kwenye sakafu ya jiko.

Tangu siku hiyo sijapika chakula kikaiva sawa. Wasichana wamelalamika kuhusu ugali mara mbili. Nikilifunika sufuria nakiona kile kioo kilichopasuka, naona kijana nisiyemjua anafuta kila kitu ili aiuze ikiwa safi. Atafuta bila hata kujua kwamba anamfuta mzee. Hata kama simu umeshaitoa, Deus, sitakutukana. Lakini niambie.

Na kuna hili. Hapa nakuomba usome polepole. Mama, huwa unamuuliza Deus, "Maneno ya baba yenu yameshafika mtandaoni?" Na Deus anakujibu, "Yameshafika, Mama, yote." Nimekusikia ukiuliza nilipokuja kwenye misa ya mwaka, na nimemsikia akijibu. Ukasema, "Mungu akubariki mwanangu, basi hata tukifa hayapotei." Nilikuwa nimeshika beseni la vyombo. Nilitoka nje.

Si kweli, Mama. Yamefika ya mizinga minne tu. Mingine yote, wa kwangu, wa Deus mwenyewe, wa marehemu mdogo wetu, na ile ambayo sijui hata ni ya nani, iko ndani ya simu moja yenye kioo kilichopasuka, na simu hiyo iko kwenye mfuko wa shati la huyu anayekusomea.

Kama umenyamaza, Deus, Mama atakugusa goti. Endelea.

Mimi nafikiri najua kwa nini. Siku ile ya matanga, mchana, watu wakiwa wanakula, nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji nikakuona umesimama kwenye mpapai. Ulibonyeza simu. Baba akakohoa, kile kikohozi chake cha kuanza kusema. Ukazima. Ukabonyeza tena, akakohoa tena, ukazima tena. Nilirudi ndani na sijamwambia mtu mpaka leo. Kwa hiyo siyo kwamba sijui. Ili uandike wa tano inabidi umsikilize saa nzima, na wewe hujawahi kupita kile kikohozi. Ungeniambia hivyo tungelia wote. Wewe ukaweka "majukumu tu". Nakuhurumia, Deus, na hasira bado ninayo, vyote viwili kwa pamoja. Kuogopa kwako hakukupi ruhusa ya kunizikia Baba mara ya pili.

Kwa kuwa mzinga wangu haukuandikwa na mwenye kazi, nimeuandika mwenyewe. Mimi ni wa darasa la saba, sijui kuandika kwa wapenzi wasomaji, nimeandika ninavyojua. Ukifika dukani, uchape hivi hivi, usibadilishe, na usiweke picha ya mzungu.

"Mzinga wa tano. Baba aliutundika nilipozaliwa mimi, Skola, mtoto wake wa kwanza. Alipata habari akiwa kambini, kwa mtu aliyepita na baiskeli. Wenzake walimwambia, kimbia nyumbani. Yeye alikaa siku moja zaidi, akamaliza mzinga aliokuwa anauchonga, akautundika, ndipo akaja. Mama alimnunia. Baba akamwambia, 'Ningekuja mikono mitupu, mtoto angeniuliza.' Mimi sikuwahi kuuona mzinga huu, kwa sababu watoto wa kike hatukuwa tunakwenda porini kwenye nyuki. Naujua kwa asali yake. Ilikuwa nyeusi kuliko ya mizinga mingine, na mwishoni ina uchungu kidogo. Baba alikuwa anaitenga, anaiweka kwenye kilindo kidogo cha gome nyuma ya mlango. Mteja akiuliza, anasema, 'Hiyo ina mwenyewe.' Nilipougua surua alinipa kijiko kimoja asubuhi na kimoja mchana. Nilipofaulu darasa la nne alinipa kipande kizima cha sega, nikala mpaka nta ikanikaa kwenye meno. Nilimuuliza kwa nini yangu ni chungu. Akasema uchungu unatoka kwenye maua ya mti wenyewe, na mti huo aliuchagua kwa sababu. Sababu hiyo alisema ataniambia nikikua. Mzinga huu uko juu ya mti wa ......................................"

Hapo nimeishia. Sijui. Mama naye hajui, angenijibu zamani, maana na yeye hakuwahi kufika. Baba Mdogo hajui. Anayejua ni Baba, na alishasema, saa nzima, na kulia kidogo. Kwa hiyo nimeacha wazi.

Sasa Deus, weka barua kwenye mkeka. Toa simu mfukoni. Mama, mnyooshee mkono aone unangoja. Baba anakohoa mwanzoni, Mama, usishtuke, ni yeye. Deus akitaka kuzima, mshike mkono, mwache alie, lakini asizime. Msikilize mpaka mwisho, nyie wawili. Maneno yaliyobaki kwenye barua ni salamu tu, yatangoja.

Mmerudi? Haya.

Msalimieni Baba Mdogo, mrina asali wetu aliyebaki. Mwambieni asiende Inyonga mpaka amesikiliza mizinga yote, kisha ndipo afunge safari, na kienge chake akishike vizuri, umri umekwenda. Msalimieni Shangazi wa Majimoto, mwambieni mchele wake nilipika siku ya Pasaka na wenzangu wakauliza umetoka wapi. Mjomba wa Ikola, aliyetuletea dagaa wakati wa msiba bila kuitwa, sijamsahau. Wifi yangu nampa asante ya pekee, na akinuniwa nitajua. Watoto wabusuni, yule mdogo mwambieni shangazi yake anataka kujua kama meno yameota.

Deus, kesho ukifungua duka, kabla ya mteja wa kwanza, hamishia sauti zote kwenye kompyuta, kisha nitumie mimi. Simu ukitaka kuibadilisha badilisha baada ya hapo. Blogu ukitaka kuifunga ifunge, lakini iandike kwamba umeifunga, watu washuke kwenye mawe yao. Na wa kwangu usiuandike sasa. Sitaki tena kuusoma. Jumapili saa nane mchana nitakuwa kwenye tangi, mtandao utakuwepo, Mama anipigie, aniambie kwa mdomo wake.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni mpaka ukakataa mwenyewe,

Skola,
wa mzinga wa tano,
mti wa ......................................